Bajeti ya Burundi yazidi kunenepa, dawa na mafuta vyazidi kuadimika

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Ukizisoma haraka haraka, tarakimu za bajeti ya Burundi zinavutia. Kwa mwaka wa fedha 2022/2023 serikali ya nchi hiyo ilipanga kutumia takriban faranga trilioni 2.4. Mwaka uliofuata makadirio yaliruka hadi karibu trilioni 4, na yale ya 2024/2025 yakafika takriban trilioni 4.4. Ndani ya miaka miwili tu matumizi yaliyopangwa yalikaribia kuongezeka maradufu. Mfanyabiashara wa Ngara au Kigoma anayepeleka saruji, unga na bidhaa za plastiki ng'ambo ya pili angeweza kudhani kwamba jirani yake ametajirika ghafla.

Wafanyabiashara wanaovuka Kobero na Mugina wanajua kwamba sivyo. Katika miaka hiyo hiyo foleni za petroli mjini Bujumbura zilikuwa za siku kadhaa, sukari ikawa bidhaa ya kutafutwa kwa kujuana, na hata bia ya Primus, ambayo Mrundi aliizoea kama Mtanzania anavyouzoea ugali, ikaadimika madukani. Kwenye vituo vya afya tatizo lilikuwa lile lile ila kwa sura nyingine: daktari au muuguzi yupo, kitanda kipo, huduma inasemekana ni ya bure, lakini dawa aandikiwayo mgonjwa haipo, na gari la kumpeleka hospitali ya rufaa halina mafuta.

Imekuwaje bajeti ikue namna hiyo na huduma zisikue? Jibu la kwanza ambalo wengi hulitoa ni ufisadi, na hakuna anayeweza kusema kuwa haupo. Marais wa Burundi wenyewe wamelalamika hadharani juu ya wizi wa mali ya umma. Hata hivyo ufisadi peke yake haulezi kwa nini baadhi ya huduma nchini humo zilipanuka sana huku nyingine zikidumaa. Kuna maelezo mengine ambayo kwa maoni yetu yana uzito zaidi, nayo yanamhusu moja kwa moja mtu anayefanya biashara ya mpakani: bajeti ya Burundi inaandikwa kwa faranga, ila sehemu kubwa ya kile kinachoifanya huduma iwe huduma inanunuliwa kwa dola.

Tuanze na historia kidogo, maana ahadi zenyewe zina umri wa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2002, vita vikiwa bado havijazimika, Burundi iliingiza mfumo wa kuwatoza wagonjwa gharama za matibabu. Matokeo yake yalikuwa mabaya. Watu waliacha kwenda hospitali, na waliokwenda wakashindwa kulipa wengine walizuiliwa wodini hadi ndugu wapate fedha, jambo ambalo mashirika ya haki za binadamu yaliliandika kwa kirefu mwaka 2006. Serikali ya Pierre Nkurunziza, iliyoingia madarakani Agosti 2005, ilianza kwa kufuta karo ya shule za msingi. Mwaka huo watoto karibu nusu milioni walijitokeza kuanza darasa la kwanza, takriban mara mbili ya waliotarajiwa. Mei mosi 2006 ikatangazwa kwamba mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka mitano watatibiwa bure.

Hizo zilikuwa ahadi nzuri, na ni vema tuseme hivyo waziwazi kwa sababu siku hizi imekuwa mtindo kuzibeza. Nchi yenye kilometa za mraba zisizofika 28,000, iliyotoka vitani, ambayo raia wake walio wengi hulima vishamba visivyofika hekta moja, haikuwa na njia nyingine ya haraka ya kuwarudisha watoto darasani na akina mama hospitalini. Takwimu za vifo vya watoto zilishuka. Mwaka 2010 mpango wa matibabu ya bure uliunganishwa na ule wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi vilivyofanya: kituo kinahesabu wazazi waliojifungua na watoto waliotibiwa, kinapeleka hesabu, zinakaguliwa, kisha kinalipwa. Wataalamu wa afya kutoka nchi nyingi walikwenda Burundi kujifunza namna mpango huo unavyofanya kazi.

Swali lilikuwa ni nani anayelipa. Hapa ndipo pa kupaangalia vizuri.

Mapato ya ndani yalikuwa yakipanda, hilo ni kweli. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Umoja wa Forodha mwaka 2009. Mwaka huo huo wa 2009 ikaanzishwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ikaundwa Mamlaka ya Mapato, OBR, ambayo mkuu wake wa kwanza alikuwa mgeni, Kieran Holmes. Makusanyo yalitoka karibu faranga bilioni 300 mwaka 2009 na kupita bilioni 500 mwaka 2012. Mapema mwaka 2009 sehemu kubwa ya madeni ya nje nayo ilikuwa imefutwa. Pamoja na hayo yote, hadi mwaka 2015 karibu nusu ya bajeti ilikuwa ikitegemea wahisani, Umoja wa Ulaya ukiwa mbele yao.

Watu wengi huuchukulia msaada huo kama fedha za kujazia pengo la bajeti tu. Lakini msaada wa nje ulikuwa na kazi ya pili ambayo haionekani katika vitabu vya Wizara ya Fedha: ulikuwa unaleta fedha za kigeni. Euro iliingia benki kuu, benki kuu ikaipa serikali faranga za kulipa mishahara, na ile Euro ikabaki kwa ajili ya kununua mafuta, dawa, karatasi za vitabu na vipuri. Yaani fedha ile ile ilifanya kazi mara mbili. Ikikatika, pengo linakuwa mara mbili pia.

Ikakatika. Baada ya machafuko yaliyoanza Aprili 2015, Nkurunziza alipoamua kugombea muhula wa tatu, Umoja wa Ulaya ulisitisha Machi 2016 msaada uliokuwa ukipitia moja kwa moja kwenye hazina ya serikali. Mpango wa umoja huo kwa Burundi wa miaka ya 2014 hadi 2020 ulikuwa na thamani ya takriban Euro milioni 430. Ubelgiji na wengine walikuwa nao wamekwisha kufunga mifereji yao. Sehemu ya fedha hizo iliendelea kuingia nchini kupitia mashirika yasiyo ya serikali na yale ya Umoja wa Mataifa, hasa kwa ajili ya afya, na Benki ya Dunia mwaka 2017 ilitoa dola milioni 50 kwa mradi wa afya ulioitwa Kira. Lakini benki kuu ilikuwa imepoteza mfereji wake mkubwa wa dola. Vikwazo hivyo viliondolewa Februari 2022, karibu miaka sita baadaye.

Katika miaka hiyo sita serikali ilifanya kitu ambacho wachumi wachache walikitegemea. Haikufuta ahadi zake. Karo haikurudi, uzazi uliendelea kuwa bure, na walimu waliendelea kulipwa kila mwezi. Ilibana miradi ya maendeleo, ikakopa kwa benki za ndani na kwa benki kuu, na ikawafuata wananchi. Kuanzia Desemba 2017 kila kaya ilitakiwa kutoa faranga 2,000 kwa mwaka kugharamia uchaguzi wa 2020, na wanafunzi waliofikia umri wa kupiga kura faranga 1,000, huku watumishi wa serikali wakikatwa kwenye mishahara. Jina la mchango huo lilikuwa la hiari. Waliokutana na vijana wenye vitabu vya risiti njiani wanalo jina lao jingine. Mwaka 2019 ukasitishwa.

Na ilijenga. Hili ndilo jambo ambalo mgeni anayepita barabara ya Gitega hadi Ngozi hawezi kulikosa: shule, vituo vya afya, ofisi za tarafa, viwanja vya mpira. Maelfu ya madarasa yalisimama kwa kazi za Jumamosi, wananchi wakifyatua matofali na kubeba mawe. Baadaye, kuanzia mwaka 2018, kila tarafa kati ya 119 zilizokuwepo wakati huo ilianza kupewa faranga milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya miradi yake, ambazo kwa jumla ni karibu bilioni 60.

Hebu tuitazame orodha hiyo kwa jicho la mfanyabiashara. Tofali ni udongo na kuni. Mwalimu analipwa faranga na anakula maharage yaliyolimwa Kirundo. Nguvu za Jumamosi hazina bei. Vitu hivi vyote serikali inaweza kuvigharamia kwa faranga zake yenyewe, hata kama hana Euro moja benki kuu. Kwa upande mwingine, dawa ya sindano, mashine ya kupimia damu, dizeli ya gari la wagonjwa, karatasi ya kitabu cha kiada, dawa ya kusafishia maji ya bomba na transfoma ya umeme vyote vinatoka nje. Ndiyo maana Burundi ikawa na majengo mengi kuliko dawa, na madarasa mengi kuliko vitabu. Tofauti kati ya huduma iliyopanuka na iliyodumaa haikufuata sana wizara wala ubora wa waziri. Ilifuata kiasi cha dola kilichomo ndani ya huduma yenyewe.

Dola hizo zinatoka wapi? Mwaka 2022 Burundi iliagiza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 1, huku mauzo yake ya nje yakiwa karibu dola milioni 200, yaani dola moja inaingia kwa kila dola tano au zaidi zinazotakiwa kutoka. Kahawa, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa tegemeo, imekuwa ikitoa kati ya dola milioni 40 na 60 hivi katika miaka ya kawaida, na serikali iliirudisha chini ya usimamizi wake kupitia shirika la ODECA. Kuhusu madini, Julai 2021 mikataba ya makampuni ya kigeni ilisimamishwa, ukiwamo ule wa Gakara wa madini adimu, kwa hoja kwamba nchi ilikuwa inapunjwa. Hoja hiyo inaweza kuwa ya haki. Lakini mgodi uliofungwa hauleti hata ile sehemu ndogo.

Kuna chanzo kimoja cha dola ambacho hakitajwi sana: askari. Burundi ilipeleka wanajeshi Somalia kuanzia Desemba 2007, na kwa miaka mingi walikuwa zaidi ya 5,000. Posho ya askari mmoja ilifikia dola 1,028 kwa mwezi, nayo serikali ilikata sehemu. Kwa hesabu ya haraka hizo ni zaidi ya dola milioni 60 kwa mwaka, yaani sawa na mavuno mazuri ya kahawa bila kupanda mche hata mmoja. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukizilipa, uligoma kuzipitisha kwenye mikono ya serikali, na mzozo huo ulidumu hadi mwanzoni mwa 2017. Kikosi kipya cha Umoja wa Afrika kilipoanza kazi Januari 2025, Burundi haikuwamo. Mfereji mwingine ukawa umekauka.

Sasa turudi kwenye zile trilioni za bajeti. Mei 2023 benki kuu iliishusha thamani ya faranga, dola ikatoka karibu faranga 2,060 hadi zaidi ya 2,800 kwa siku chache. Julai mwaka huo IMF ikaidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 271, na wa kuanzia zikatolewa milioni 62.6. Matarajio yalikuwa kwamba bei rasmi na bei ya mtaani zitakutana. Hazikukutana. Bei rasmi ilisogea polepole hadi karibu 2,900, na ile ya mtaani ikapanda hadi kupita mara mbili ya hiyo. Bei za bidhaa mwaka 2023 zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20.

Chukua zile trilioni 4.4 za mwaka 2024/2025 na uzigawe kwa watu milioni 12.3 waliohesabiwa katika sensa ya 2024. Kila Mrundi anapata karibu faranga 358,000 kwa mwaka kwa huduma zote: shule, hospitali, barabara, mahakama, jeshi, polisi na riba ya madeni. Kwa bei ya benki kuu hizo ni kama dola 123. Kwa bei ya mtaani, hata ukichukua mara mbili tu ya ile rasmi, ni dola 62. Bajeti nzima ya nchi kwa hesabu hiyo ya pili haifiki dola milioni 800. Na kwa kuwa mwaka 2022 nako bei ya mtaani ilikuwa juu ya ile rasmi, ukizilinganisha trilioni 2.4 za wakati ule na trilioni 4.4 za baadaye kwa bei ambayo watu walinunulia dola kweli, utaona ongezeko karibu lote ni la karatasi.

Wizara ya Afya inaweza ikasema, na ina haki ya kusema, kwamba bohari ya dawa ya taifa, CAMEBU, hainunui dola mtaani. Ni kweli, inapanga foleni benki. Lakini foleni hiyo ina gharama yake. Mwenye duka la dawa binafsi asiyepata dola benki anakwenda mtaani, na boksi la dawa lenye thamani ya dola 10 linamgharimu faranga 58,000 au zaidi badala ya 29,000. Bohari inayosubiri inapata kwa bei nafuu, ila inapata kidogo na kwa kuchelewa. Mgonjwa wa huduma ya bure akikosa dawa kituoni anaelekezwa duka lile lile la mtaani. Kwa hiyo anailipa bei ya dola ya mtaani yeye mwenyewe, kutoka mfukoni, ingawa katika vitabu vya serikali ametibiwa bure. Kwa lugha ya uchumi, serikali imemhamishia mwananchi gharama za kushuka kwa faranga bila kupitisha sheria yoyote. Jambo hilo hilo liliikumba kadi ya matibabu iitwayo CAM, ambayo baadhi ya hospitali zilisita kuipokea kwa kuwa marejesho kutoka serikalini yalichelewa mno, na yalipofika yalikuwa yamekwisha kuliwa na mfumuko wa bei.

Upande wa mapato nao unaumia, na hapa msomaji wetu wa mpakani atajitambua. Kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, thamani ya mzigo iliyo katika dola hugeuzwa kuwa fedha ya nchi kwa kutumia bei ya benki kuu. Mfanyabiashara aliyenunua dola zake mtaani kwa faranga 6,000 analipa ushuru kana kwamba alizinunua kwa 2,900. Kwake ni nafuu, na asitegemewe kulalamika. Kwa hazina ya Burundi ni kupoteza nusu ya ushuru wa mzigo huo ukilinganisha na bei utakayouziwa Bujumbura. Halafu serikali hiyo hiyo inarudi kukopa benki kuu ili kufidia, faranga zinaongezeka mtaani, na dola inapanda tena.

Mfano wa bia unaonyesha mzunguko huo vizuri kuliko jedwali lolote. Brarudi, kampuni ya bia na soda, kwa miaka mingi imekuwa mlipa kodi mkubwa kuliko wote nchini. Kimea na malighafi nyingine zinatoka nje. Dola zilipokosekana uzalishaji ulishuka, na kila kreti isiyouzwa ilikwenda na kodi yake. Wapo waliofurahi kwa sababu za dini au za afya, na hatuna ugomvi nao. Lakini mshahara wa muuguzi wa Cankuzo ulikuwa umo ndani ya ile kreti.

Walioathirika haraka zaidi ni wale wenye ujuzi unaouzika nje. Mshahara wa daktari ukibaki ule ule kwa faranga na thamani yake ikashuka kwa nusu, hahitaji kuandamana. Anaondoka. Njia ya Serbia, ambako Warundi waliingia bila viza hadi Oktoba 2022, ilipitwa na watu wengi waliokuwa na kazi za serikali nyumbani. Mwalimu wa shule ya msingi hana soko la nje, kwa hiyo anabaki, anafundisha darasa la watoto wengi mno na jioni analima. Serikali inahesabu mwalimu mmoja, mtu anahesabu nusu.

Jirani wa kaskazini mara nyingi huletwa kama mfano, nasi tumgusie kwa kifupi. Rwanda ni nchi ndogo vilevile, ina ardhi finyu vilevile, na nayo ilikatiwa misaada mwaka 2012 na tena mwaka 2025 kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Tofauti ni kwamba mfuko wake wa bima ya afya, Mutuelle, unamtaka mwananchi achangie kila mwaka, na tangu Julai 2015 unaendeshwa na bodi ya hifadhi ya jamii, RSSB. Vilevile utalii, madini na mikopo ya nje imeipatia Kigali dola za kutosha kuendesha huduma hata misaada inapoyumba, ingawa deni limekua. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Kwa wafanyabiashara wadogo wa Kayanza na Ngozi waliokuwa wakiuza na kununua Butare, huo ulikuwa mfereji mdogo mwingine wa fedha za kigeni uliozibwa.

Je, kifanyike nini? IMF inataka bei moja ya dola, na kitaaluma hatuoni namna ya kuipinga: bei mbili ni ruzuku kwa aliye karibu na dirisha la benki. Lakini kuiachia faranga siku moja bila kulinda dawa ni kumpa mzazi wa Rutana bei ya mtaani moja kwa moja, safari hii ndani ya zahanati ya serikali. Funzo la Mei 2023 ni hilo. Faranga ilishushwa, dola hazikuja kwa wingi, na bei zikapanda.

Pendekezo letu ni la kihasibu zaidi kuliko la kisiasa. Sambamba na bajeti ya faranga, Wizara ya Fedha na benki kuu wachapishe bajeti ya dola: dawa zinahitaji dola ngapi, mafuta ya huduma za umma ngapi, mbolea ngapi, karatasi za vitabu ngapi, magari ya viongozi ngapi. Kisha waonyeshe dola hizo zinatoka kahawa, chai, dhahabu, wahisani au mikopo. Hivi sasa mgawo wa dola unafanyika, maana hauwezi kutofanyika, ila unafanyika ofisini bila bunge kuujua. Bunge linajadili siku nzima juu ya faranga ambazo benki kuu inaweza kuziongeza, na halijadili dola ambazo haiwezi kuzichapa. Mbunge akijua kwamba gari moja la kifahari ni sawa na dawa za malaria za tarafa nzima, huenda akapiga kura vile vile, lakini atakuwa amejua. Machi 2017 serikali ilitangaza malaria kuwa janga, kwa hiyo mfano huo si wa kubuni.

Jambo la pili ni kupunguza utegemezi wa wahisani katika eneo ambalo hauepukiki kwa haraka. Dawa za UKIMWI, vyandarua na chanjo kwa sehemu kubwa zinaletwa na wahisani zikiwa bidhaa, si fedha, na kwa hiyo hazionekani vizuri katika bajeti. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa mwaka 2025, nchi nyingi za kanda hii ziligundua kwamba hazikuwa zimeandika popote gharama ya vitu hivyo. Kuziandika ni hatua ya kwanza, hata kabla ya kutafuta fedha zake.

Matumaini makubwa ya Gitega yako kwenye reli. Mapema mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba wa dola bilioni 2.15 wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kwenye akiba kubwa ya nikeli. Reli hiyo ikikamilika na mgodi ukafunguliwa, dola zitaingia. Lakini ujenzi utachukua miaka, na mtoto atakayezaliwa mwaka huu katika kituo cha afya cha Makamba atakuwa amemaliza chanjo zote kabla tani ya kwanza ya nikeli haijafika bandari ya Dar es Salaam.

Wakati huohuo upunguzaji wa mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, ulioanza kutumika mwaka 2025, utaokoa faranga za mishahara na ofisi. Kwa upande wa dola, makao makuu ya tarafa yakiwa mbali zaidi yanahitaji mafuta zaidi. Hilo nalo lingekuwa na mstari wake katika bajeti ya dola.

Kwa wafanyabiashara wanaoiuzia serikali ya Burundi au vituo vyake vya afya, ushauri wa kibiashara ni mfupi. Usipime uwezo wa mteja wako kwa ukubwa wa bajeti itakayosomwa Juni. Ulizia akiba ya fedha za kigeni inatosheleza uagizaji wa wiki ngapi, ulizia pengo kati ya bei ya benki na ya mtaani lilikuwa kiasi gani mwezi uliopita, na kama mkataba wako ni wa faranga na malipo ni baada ya siku 90, weka pengo hilo kwenye bei yako kabla hujapakia lori.